Lumeni za Boksini, Mwanga wa Barabarani

Boksi liliandikwa lumeni 20,000 na betri ya mAh 9,900. Bei haikufika hata shilingi elfu kumi na tano. Nikaifunga taa kwenye usukani, maana natoka kazini jioni, na Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Huku karibu na ikweta giza huingia upesi. Ukichelewa kidogo tu unakanyaga pedeli usiku. Siku ya tatu taa ilizimika njiani, dakika arobaini tangu niiwashe, kwenye kipande chenye mashimo na mtaro usio na mfuniko. Nilishuka nikaikokota baiskeli hadi nyumbani, na usiku uleule nikaifungua taa.

Ndani kulikuwa na betri moja ya 18650. Jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri bora ya umbo hilo hubeba takriban mAh 3,500. Zidisha kwa volti 3.7, unapata kama wati-saa 13. LED nzuri ndani ya taa ndogo hutoa kiasi cha lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo betri iliyojaa inaweza kukupa lumeni 1,300 kwa saa moja, au 300 kwa saa nne na ushei. Lumeni 20,000 zingehitaji wati 200, na betri hiyo ingekauka ndani ya dakika nne, kama isingeungua kwanza. Ndoo moja haijazi pipa. Mizani ya jikoni nayo husema kweli: 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50, ilhali nyingi za bandia ni seli ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa. Yangu ilikuwa nyepesi kiganjani kama kifuniko cha kalamu.

Tuseme umepata taa yenye namba za kweli. Bado lumeni zinakuambia jumla ya mwanga unaotoka, hazikuambii unaangukia wapi. Kinachoonyesha shimo ni luksi, yaani mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba ya barabara, nao hupungua haraka: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Tochi ya kawaida hutupa duara. Ukiifunga kwenye baiskeli, nusu ya juu ya duara hilo inamulika matawi ya miembe na macho ya dereva wa bajaji anayekuja mbele, na dereva aliyepofuka ni hatari kwako kuliko giza lenyewe. Ujerumani sheria hairuhusu hilo. Taa ya mbele ya baiskeli lazima iwe na mwanga uliokatwa juu, kama wa gari, na itoe angalau luksi 10 umbali wa mita 10. Mimi sasa ningechukua lumeni 300 zenye lenzi ya namna hiyo kuliko 1,000 za duara.

Unahitaji kuona umbali gani? Ukienda kilomita 20 kwa saa unapita karibu mita tano na nusu kila sekunde. Jicho lione, akili iamue, mkono ubane breki: hesabu sekunde moja na nusu, mita nane zimekwisha. Kusimama kwenye lami kavu kunaongeza tano hivi. Mvua ikinyesha, ongeza tena. Mita ishirini za barabara iliyomulikwa sawasawa zinatosha kwa mwendo huo. Kwenye kilomita 30 kwa saa hazitoshi.

Wazee wetu waliokuwa na baiskeli za Phoenix zenye dainamo walikuwa na wati 3 tu, volti 6, na balbu ya waya iliyokula karibu umeme wote kwa joto. Dainamo ileile ukiiunganisha na taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili yake, inatoa mwanga wa kutosha mjini na haihitaji chaji wala betri. Mafundi wengi bado wana dainamo za kusugua tairi. Kasoro yake ni kuteleza mvua ikinyesha.

Mkimbiaji ana hesabu nyingine. Kwa mwendo wake, lumeni 150 zinatosha, na uzito unaodundadunda kichwani ndio unaokera. Lakini taa ya kichwani ina tatizo ambalo watu hawalitambui: mwanga unatoka karibu na jicho, kwa hiyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu na shimo linaonekana kama doa tambarare. Penye vumbi, au alfajiri yenye baridi kama ya Iten, Kenya, ambapo pumzi yenyewe ni ukungu, mwanga unakurudia usoni. Ifunge taa kiunoni. Kila jiwe litapata kivuli kirefu na utaliona mapema.

Kuonekana na madereva ni kazi tofauti, na ni rahisi zaidi. Taa nyekundu nyuma, isiyomweka ovyo, na rifleta kwenye vifundo vya miguu. Miguu inayopanda na kushuka dereva anaitambua mara moja kuwa ni mtu. Kizibao cha kuakisi mwanga peke yake kinaweza kufanana na kibao cha barabarani.

Kabla ya kutoka naisimamisha baiskeli mita tano kutoka ukutani na kuangalia kitovu cha mwanga. Taa yangu iko kimo cha mita moja. Kitovu kikikaa shubiri moja chini ya kimo hicho, mwanga utagusa lami mita ishirini mbele yangu. Nakaza skrubu, naondoka.