Nani Kasema Fitesi Inatosha Peke Yake?

Kuiondoa DCP (dikalisi fosfati) yote kwenye chakula cha kuanzia cha broila kwa sababu tu fitesi, kimeng'enya cha kufungua fosforasi, imetiwa lilikuwa kosa, nalisema mapema tusizungushane. Wafugaji wa Makadara na Mji wa Kale mliolisha mchanganyiko ule mmejionea miguu ya vifaranga. Mwenye mashine aliyeuchanganya simtaji. Ninayoijibu ni hesabu yake.

Mengine aliyafanya sawa: gramu 100 za unga wa fitesi wenye uniti (FTU) 5,000 kwa gramu, kwa kila tani, yaani FTU 500 kwa kilo, akaukoroga kwanza na unga kidogo wa mahindi, wala hakuupitisha kwenye mvuke.

Sasa lile kosa. Mahindi na mashudu ya soya humpa kifaranga fosforasi ya kutumika asilimia 0.13 hivi. Kama theluthi mbili ya fosforasi ya vyakula hivi imefungwa ndani ya fitati, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Kipimo cha Baraza la Utafiti la Marekani cha mwaka 1994 kinadai 0.45 katika wiki tatu za kwanza. DCP kilo 17 kwa tani, yenye fosforasi asilimia 18, ilikuwa inaleta 0.31, na chakula kikawa kinakaribia kabisa kipimo. FTU 500 huleta 0.10 hadi 0.15. Ondoa zile kilo zote 17, mpe fitesi 0.12 yake, unabaki na 0.25. Upungufu wa 0.20 kwa kifaranga anayenenepa kila siku! Nyama inaongezeka, mfupa hauna cha kujijengea, matege yanafuata.

Kisha uamuzi ule ule ukaharibu na kilichobaki. DCP hubeba kalisi pia, kwa hiyo alipoitoa akajazia chokaa kilo 10. Chokaa ni ugomvi wangu wa miaka na wachanganyaji wa mji huu, na sitauacha. Ni bei rahisi na inaongeza uzito wa gunia, basi hujazwa tu. Lakini chokaa hupunguza uchachu wa gole na firigisi, mahali hasa fitesi inapofanyia kazi, na kalisi iliyozidi huishika fitati hata kimeng'enya kisiweze kuivunja. Ile 0.12 niliyomhesabia, basi, nimempendelea. Angekuwa anachanganyia kuku wa mayai ningepunguza sauti, maana mahitaji yao ya fosforasi ni madogo zaidi. Kifaranga wa broila hana nafasi hiyo.

Waliotangulia hawakukurupuka hivi. Mwaka 1968 Shieh na Ware walichuja vijidudu zaidi ya 2,000 wakitafuta kuvu wa kutoa fitesi. Nelson na wenzake walipowalisha vifaranga kimeng'enya hicho, katika kazi waliyoichapisha 1971, hawakuridhika na mizani. Walichoma mifupa wakapima majivu yake. Fitesi ilipoingia sokoni Uholanzi mwaka 1991, wafugaji wakibanwa na sheria za samadi, fosfati ilipunguzwa kwa kiasi ambacho kimeng'enya kingeweza kukifidia.

Hata wazee waliochanganya kwa koleo sakafuni walimshinda huyu. Walitia pumba za ngano, ambazo zina fitesi yake ya asili (mahindi karibu hayana), na dagaa, ambao fosforasi yao haijafungwa na fitati hata kidogo. Nazungumzia dagaa wa wakati ule, si hawa wa leo wanaouzwa na mchanga ndani, jambo ambalo bado linaniudhi.

Najua DCP ni ghali, na hamu ya kuipunguza ni halali. Fitesi ililetwa kwa kazi hiyo. Ila kipunguzwe kile ambacho fitesi inakilipa: kilo 7. Arudishe kilo 10 za DCP, aondoe zile 10 za chokaa alizoongeza, atafika 0.43. Akitaka kubana zaidi angoje wiki ya tatu ipite, hapo kipimo kinashuka hadi 0.35. Na katika kila kundi achukue miundi ya vifaranga wachache, ichomwe, majivu yapimwe, kabla hajashona gunia jingine.