Kompyuta Iliyopata Alama 1.0

Sisi tuliosomea ualimu zamani tulizoea kutoa alama muda mrefu kabla hatujaiona kompyuta. Nimesahihisha madaftari tangu miaka ya sabini, nimekaa kwenye vikao vya kupitisha matokeo nisivyoweza kuvihesabu, na nimeona alama ikimwinua mtu na nyingine ikimzamisha. Kwa hiyo nilipoambiwa, mwaka 2010, kwamba kompyuta nayo hujitahini yenyewe na kujipa alama, sikushangaa. Niliiamini alama ile kama ninavyoiamini karatasi iliyogongwa muhuri. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa, kwa sababu kuna mtu aliyeilipia, na mtu huyo si mimi.

Wakati huo Mkoa wa Katavi ulikuwa haujazaliwa. Ulianza mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nikiongoza chuo cha ualimu ambacho sitakitaja. Tulipewa kompyuta nne zilizokwisha kutumika, zote zikiwa na mfumo wa Windows 7. Mkufunzi mmoja wa sayansi aliziwasha moja baada ya nyingine, akafungua ukurasa unaoeleza sifa za mashine, akanisomea namba: 4.2, 3.9, 3.4 na 1.0. Niliziandika kwa mpangilio kama ninavyoandika matokeo ya mtihani. Ya kwanza ikaenda ofisini kwangu (naam, mkuu hujipakulia kwanza, sitaficha), ya pili kwa mhasibu, ya tatu maktaba. Ya nne niliipeleka stoo.

Mtaaluma wetu, mama mtu mzima mwenye subira, alikuja ofisini. “Mkuu, hata hiyo iliyofeli nipatie. Nina alama za mazoezi ya kufundisha za chuo kizima, na naziandika kwa mkono.” Nikamjibu, “Mwalimu, mashine iliyopata moja itakupotezea muda tu.” Akashukuru, akarudi kwenye leja yake. Katika leja ile, usiku mmoja wa taa ya chemli, alama za mwanachuo mmoja ziliandikwa kwenye mstari wa jirani yake. Kijana akatangazwa kuwa hakufaulu kufundisha kwa vitendo, akarudi kwao Karema, ziwani. Kosa lilikuja kugunduliwa mwaka uliofuata, zilipopitiwa upya fomu za watahini. Tukamwita, akaja, akamaliza. Lakini mwaka mzima ulikuwa umekwisha kupita.

Sasa nieleze mtihani wenyewe, maana wengi walioziona namba zile hawakuelezwa, na mimi ni mmoja wao.

Kipimo hicho kiliitwa Windows Experience Index. Kampuni ya Microsoft ilikileta na Windows Vista mwaka 2007. Jina lenyewe lina majivuno kidogo: ukilitia katika Kiswahili cha haraka utasema mashine ina uzoefu wa 3.9, kama vile imewahi kufundisha shule tatu na kuhamishwa mbili. Kilichopimwa kilikuwa ni vipande vitano vya mashine. Cha kwanza ni prosesa, yaani ile sehemu inayopiga hesabu. Cha pili ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika mambo wakati mashine imewashwa na kuyaachia inapozimwa. Cha tatu ni uwezo wa kuchora madirisha ya kioo, kile cha nne ni uwezo wa kuchora michezo na picha za pande tatu, na cha tano ni mwendo wa diski kuu katika kusoma na kuandika. Kila kipande kilipewa alama yake. Kisha ikatolewa alama moja kubwa ya jumla, iliyoandikwa kwa herufi nene, ambayo ndiyo kila mtu aliyekuwa akiisoma.

Hapo ndipo penye jambo. Alama ile ya jumla haikuwa wastani, wala haikuwa jumla. Ilikuwa ni alama ya kipande kilichofanya vibaya kuliko vyote. Mashine ikipata 6 katika vipande vinne na 2 katika cha tano, cheti chake kilisema 2.

Nilipofahamishwa hivyo, jambo la kwanza nililofanya ni kulitetea. Ninalitetea hata leo. Msafiri wa treni kutoka Tabora kupitia Kaliua kuja Mpanda anajua kwamba nguvu ya injini haimfikishi mapema. Kinachoamua ni pale njia ilipo mbovu: dereva atapunguza mwendo hapo, na mvua ikiwa imekula tuta, mtalala porini na injini yenu nzuri. Kompyuta nayo, ikiwa na prosesa kali na kumbukumbu kidogo, itabaki ikingoja. Wastani ungelificha jambo hilo, lakini alama ya chini kabisa hailifichi.

Tena sisi walimu hatuna haki ya kuicheka mashine, kwa maana tumefuata njia iliyo kinyume kabisa, nayo ina maficho yake. Kidato cha nne, Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, hujumlisha pointi zake, na hapo ndipo linapopatikana daraja: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, na kuendelea. Kwa matokeo ya mwaka 2014 tulijaribu wastani wa GPA, halafu tukayarudia madaraja. Kwa njia hii ya masomo saba bora, kijana aweza kuwa na daraja zuri na F ya Hisabati iliyolala chini ya kapu. Nimewapokea vijana wa namna hiyo chuoni, nikawapa cheti cha ualimu wa shule ya msingi, wakaenda kufundisha darasa la nne, Hisabati ikiwamo. Kama tungetumia kanuni ya kompyuta, ile F ingepiga kelele mlangoni.

Lakini kanuni ya kompyuta nayo haiulizi kazi. Hilo ndilo kosa lake, na ndilo lililonikamata. Mtaaluma wetu alihitaji kuandika majina na namba katika safu. Kazi hiyo haihitaji hata chembe ya michezo ya pande tatu. Hata hivyo somo la michezo lilihesabiwa sawa na somo la prosesa, na likaruhusiwa peke yake kuifelisha mashine. Ni sawa na kumnyima mtu ajira ya kufundisha Jiografia kwa kuwa hajui kucheza ngoma.

Alikuja mkufunzi kijana kutoka Mbeya, akasikia habari za kompyuta ya stoo, akaomba aione. Aliifuta vumbi, akaiwasha, akabonyeza pale ambapo sisi hatukubonyeza, chini ya namba kubwa. Ikatoka safu nzima: prosesa 4.7, kumbukumbu 4.5, diski 5.4, michoro 1.0, michezo 1.0. Prosesa yake ilikuwa bora kuliko ile iliyokuwa mezani kwangu! Na zile 1.0 mbili hazikuwa hata udhaifu wa mashine. Aliyeweka Windows alisahau kuweka programu kiendeshi, ile inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa cha kuchorea. Bila hiyo, mtihani wa michoro hutoa alama ya chini kabisa. Kijana aliileta programu hiyo kwenye flashi, akaiweka, akarudia mtihani. Michoro ikapanda hadi 3.6, michezo 3.2. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa chai.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nikimfikiria yule wa Karema.

Yapo mengine ya kukilaumu kipimo hiki, nayo nitayapita upesi. Kwanza, ngazi zake. Alama ya chini ilikuwa 1.0, haikuwa sifuri, kwa hiyo mashine ile haikuwa imepata “moja”. Ilikuwa haijapata kitu. Dari nayo ilihamahama: katika Vista ilikuwa 5.9, katika Windows 7 ya mwaka 2009 ikawa 7.9, na katika Windows 8 ya mwaka 2012 ikawa 9.9. Mtu akikwambia kompyuta yake ni 5.9 bila kutaja mfumo, hajakwambia lolote. Yaweza kuwa ya kwanza darasani, yaweza kuwa ya katikati. Tena katika Windows 7, diski ya kawaida yenye sahani inayozunguka ilizuiwa isivuke 5.9, hata kama vipande vingine vyote vingekuwa vya dhahabu.

Pili, lengo lake halikutufikia. Nia ilikuwa kwamba mnunuzi wa programu aione alama inayotakiwa juu ya boksi, ailinganishe na alama ya mashine yake. Huku kwetu programu hazikuja kwenye maboksi. Zilikuja mfukoni mwa mtu aliyetoka Dar es Salaam.

Tatu, mtihani ulipima vifaa peke yake. Vumbi la Septemba lililojaa kwenye feni haukuliona, wala virusi, wala umeme. Mpanda kwa miaka mingi haikuwa kwenye gridi ya taifa, tuliwashiwa jenereta za dizeli. Nilipojinunulia kompyuta ya mpakato baada ya kustaafu, nikataka kuitahini mwenyewe, ilikataa: mtihani haufanyiki kwa betri, sharti waya uwe ukutani. Nikangoja umeme urudi ili nijue kama mashine yangu ina nguvu.

Mwaka 2013 ilipotoka Windows 8.1 ukurasa ule wa alama uliondolewa. Chombo cha kupimia kilibaki ndani, lakini namba haionyeshwi tena kwa mtu wa kawaida. Wapo waliosikitika. Mimi nasikitikia ile safu ya chini, si namba kubwa ya juu.

Siku hizi kompyuta hazipewi alama. Zinaambiwa zimefaulu au hazikufaulu. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mjukuu wangu alikuja na mpakato wake akiwa amenuna: fundi mmoja mjini amemwambia haufai kwa Windows 11, autupe, anunue mwingine kwake. Nikamuuliza, “Umefeli somo gani?” Hakujua. Tukaifungua programu ya Microsoft ya kukagulia, tukasoma pamoja. Masomo yaliyokataliwa yalikuwa mawili. La kwanza ni kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM; kilikuwamo, ila kilizimwa katika mipangilio ya mashine, naye akakiwasha mwenyewe. La pili ni prosesa: ni ya kizazi cha saba cha Intel, na orodha iliyokubaliwa huanzia kizazi cha nane. Hilo hatukuwa na dawa nalo.

Basi akaniachia mimi ule mpakato. Hauingii kwenye intaneti tena, na sijautia mtihani wowote. Kurasa hizi nimezichapa humo.