Zimwi Likujualo: Njozi na Sura chini ya Uluguru

Daftari la mwanafunzi wa uchoraji wa picha za vitabu aghalabu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja kuna sura za watu: bibi aliyejitanda kanga, mwalimu aliyesinzia, rafiki wa bwenini, na mchoraji mwenyewe akijitazama kiooni. Upande wa pili kuna njozi: joka lenye mabawa, ngome ya mawe juu ya jabali lenye theluji, shujaa mwenye deraya na upanga mrefu. Pande hizi mbili hazisalimiani. Makunyanzi ya bibi yametazamwa kwa muda mrefu, moja baada ya jingine. Joka limenakiliwa kutoka kwa aliyelinakili kwa mwingine.

Daftari la namna hiyo likifunguliwa Morogoro, mji uliolala chini ya Milima ya Uluguru, huzaa swali linalowahusu washairi sawasawa na wachoraji: ni kitu gani huipa njozi uzito hata mtazamaji akaiamini?

Jibu jepesi ni kumwambia kijana aache majoka ya wageni achore ya kwao. Jibu hilo husikika sana, na halitoshi. Fasihi ya Kiswahili haikupata kuona haya kuazima. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye ndugu waliogeuzwa manyani, ina undugu wa karibu na hadithi za Alfu Lela Ulela, na hakuna msomaji aliyeikataa kwa sababu hiyo. Husuda ya ndugu wale ni husuda tunayoijua. Kisa kilisafiri, lakini kilipofika kilipewa moyo wa mtu wa hapa. Basi kosa la joka lenye mabawa haliko katika kuzaliwa ng'ambo. Kosa lake ni kwamba halimjui mtu yeyote, wala hakuna mtu anayelijua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lisilokujua hata kukutisha haliwezi.

Mwandishi huyohuyo anatupa kipimo kingine. Katika Kusadikika aliumba nchi inayoelea angani, njozi kubwa kuliko zote alizoziandika. Hata hivyo mchoraji anayepewa kazi ya kukipamba kitabu hicho kwa picha atapata taabu. Karama anayejitetea na Majivuno anayemshitaki wamepewa majina ya sifa kabla ya kupewa sura. Wanasema kwa ufasaha, lakini jicho halipati pa kushika. Kinyume chake, katika Wasifu wa Siti Binti Saad mchoraji ana kila anachokihitaji: mwanamke wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, aliyebeba vyungu kabla ya kubeba umaarufu. Kusadikika ni njozi inayotafuta uso. Wasifu ni uso ambao maisha yake yanakaribia kuwa njozi. Mwenye daftari la pande mbili atambue kwamba mgawanyo wake una historia ndefu, na kwamba hata gwiji la lugha halikuuepuka kila mara.

Tukirudi Morogoro, tunakuta kwamba milima yenyewe ilikwisha kulijadili jambo hili. Waluguru, pamoja na jirani zao Wazaramo na Wakwere, wana sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti, ambayo huambatana na mwali anapowekwa ndani na kufundwa. Ina kichwa chenye kishungi, aghalabu kilichopasuliwa kati, na matiti yaliyochomoza. Mikono haipo, na uso umedokezwa tu au haupo kabisa. Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo na kuandika juu ya ibada zao katika kitabu chake cha mwaka 1970, alionyesha jinsi umbo hilo lilivyofungamana na uzazi na mwendelezo wa ukoo. Kwa jicho la darasani, hiyo ni picha ya mtu iliyoshindwa, kwa kuwa haimfanani mtu yeyote. Lakini mchongaji alikusudia hivyo. Mwali anayeishika huona ndani yake nyanya yake, mama yake, yeye mwenyewe na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Uso mmoja ungewafungia mlango wengine wote.

Huo ni upande wa sura. Upande wa njozi ni Kolelo. Ndani ya pango katika milima hiyo palikuwa na mahali patakatifu pake, na watu walipanda kutoka Uzaramo, mwendo wa siku nyingi, kuomba mvua na mavuno. Katika masimulizi ya Wazaramo yaliyoandikwa na mmisionari Mjerumani Martin Klamroth mwanzoni mwa karne ya 20, Kolelo ni nyoka mkubwa. Zilipofika siku za Maji Maji mwaka 1905, jina lake lilitajwa pamoja na habari za dawa ya maji. Basi joka la Uluguru lipo, na ni kongwe kuliko filamu zote. Tofauti yake na lile la daftarini ni kwamba Kolelo alijulikana kwa kuombwa, kuogopwa na kusikilizwa. Hakuhitaji kuchorwa.

Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, na hapa ndipo jibu jepesi la «chora cha kwenu» linapoanguka. Je, mchoraji ana haki ya kukitia mwangani kilichowekwa gizani kwa makusudi? Wapo watakaosema kuwa imani ikififia, picha ndiyo itakayoihifadhi. Wapo watakaojibu kwamba picha ndiyo itakayomalizia kuiua, kwa kuwa kitu kikishaonekana hakiulizwi tena. Historia ya sanaa ya Tanzania ina ushahidi wa pande zote mbili.

Katika miaka ya 1950, Mmakonde Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani, na kundi zima la wachongaji likamfuata jijini Dar es Salaam. Wanunuzi wengi walikuwa wageni. Baada ya muda zilichongwa sanamu nyingi ambazo ndani yake hapakuwa na shetani wala mtu, bali mazoea ya mkono. Soko lina desturi ya kuomba kilekile kilichouzwa jana. Hata hivyo katika uwanja huohuo aliinuka George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, ambaye kazi zake zilianza kujulikana kupitia Nyumba ya Sanaa. Mashetani wa Lilanga wana masikio makubwa, midomo mipana na vidole vichache. Lakini watazame wanafanya nini: wanacheza ngoma, wanabeba watoto, wanazungumza na majirani, wamevaa nguo kama watu wa mtaani. Lilanga hakuchora mashetani kwa ajili ya kutisha. Aliwachora watu anaowajua kwa miili ya mashetani, na kwa hiyo mtazamaji hucheka kwanza, kisha akajitambua. Zimwi lake linatujua.

Katika tamthilia, Ebrahim Hussein alilivuka daraja hilohilo kutoka ng'ambo ya pili. Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, inaanzia katika ajabu: mtu anachukuliwa na pepo Hongo ndani ya maji ya Rufiji, kisha anarudi. Mwandishi mwenye pupa angemshughulikia Hongo. Hussein akageukia uso wa Kinjeketile. Anatuonyesha mtu aliyepewa neno zito kuliko mabega yake, ambaye baadaye analisikia neno lenyewe likimalizikia kwa ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, na shaka ikamwingia. Msomaji wa visiwani hawezi kuupita mstari huo bila kusimama. Pepo haonekani, lakini anaaminika, kwa sababu tunaiona kazi yake katika sura ya aliyemwona. Huo ndio ufundi ambao daftari la pande mbili linauhitaji.

Kwa hiyo mchoraji kijana wa Morogoro hana lazima ya kuuchora mwili wa Kolelo, wala hana lazima ya kumkimbia. Anaweza kumchora mwanamke wa Uzaramo aliyetembea siku nyingi, miguu imepasuka, akisimama mdomoni mwa pango na kusikiliza. Makunyanzi anayajua tayari. Alikwisha kuyasoma katika uso wa bibi yake. Giza nyuma ya mwanamke huyo litakuwa na joka kubwa kuliko lolote lenye mabawa, na siri ya wenyewe itakuwa imebaki mahali pake. Akitaka viumbe vya ajabu, msitu wa juu unavyo: humo yumo kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na yumo ndege aina ya mbwigu asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Anayewatazama hao kwa uvumilivu aliomtazamia bibi atajifunza kwamba ajabu nayo ina mifupa, ngozi na uzito.

Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, ukashuka na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, mkabala na Unguja. Maji yanayotufikia pwani yamekwisha kupita chini ya mapango yale. Ni haki basi washairi wa pwani, ambao wamezoea kudai kwamba bahari ndiyo mama wa njozi, wakumbuke kuwa baadhi ya njozi zilitoka bara zikiwa zimekwisha kukomaa. Na kwa mwanafunzi mwenye penseli, kazi iliyobaki ni kuzikutanisha kurasa mbili za daftari lake, hadi uso wa bibi na giza la pango vikae katika karatasi moja.