"Ubongo wa Gari": Istilahi Inayopotosha

Katika gereji zetu, kompyuta inayoongoza injini ya pikapu huitwa kontroli boksi, na mara nyingine ubongo wa gari. Jina la kwanza halina dosari kubwa. La pili tunalikosoa, kwa kuwa limebeba hukumu ndani yake: ubongo ukiugua, mwili wote huugua; basi injini ikigoma, lawama hukiendea kisanduku hicho kabla hakijapimwa.

Kwa hakika, chombo hiki hupokea habari kutoka kwenye vihisi, kisha huamua kiasi cha mafuta yatakayoingia katika injini. Habari zikiwa za uongo, uamuzi nao hukosewa ingawa chombo ni kizima.

Tafsiri za misimbo ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta hiyo zina kasoro iyo hiyo. Msimbo P0118 hufasiriwa "kihisi cha joto kibovu". Maana yake halisi ni kwamba volteji katika saketi ya kihisi cha joto la maji ya injini imezidi. Waya uliokatika huleta dalili hiyo hiyo. P0606 ndio unaoelekeza kwenye kompyuta yenyewe, na hata hapo fundi hana budi kupima kwanza umeme wa betri na waya wa ethi.

Tunapendekeza istilahi kidhibiti-injini, na neno saketi lisiachwe katika tafsiri. Aidha, "kubadilisha" pekee hakutoshi: katika magari mengi kidhibiti kipya sharti kioanishwe na ufunguo, la sivyo injini haiwaki. Istilahi ikikosewa, mwenye gari hulipia kisanduku badala ya waya.