Hesabu ya Saa Moja Usiku

Magharibi ikishaadhiniwa, mtaa wa Tononoka, Mombasa, huwasha kila kitu kwa mkupuo: taa za barazani, feni, friji za maduka, pasi ya anayekwenda harusini. Stima haiwekwi ghalani kama mchele. Huzalishwa papo hapo inapotumika. Anayeumiza kichwa ni mpangaji wa mitambo, ndani ya kituo cha kitaifa cha kuongoza umeme, Juja Road, Nairobi.

Kanuni yake ya kwanza ni nyepesi: anza na wa bei nafuu. Mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, maji ya Mto Tana. Injini za mafuta mazito za Kipevu na Rabai zingoje.

Ila Olkaria ni mbali, na waya nao hula njiani. Mkondo ukiongezeka maradufu, nguvu inayopotea kwa joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo bei ya Olkaria haisomwi Olkaria. Husomwa Mombasa, baada ya kutoa kilichopotea. Tena laini ndefu ikilemewa, volti hushuka huku mwisho, na friji hunguruma bila mota yake kuzunguka. Hapo Kipevu, ng'ambo tu ya bandari ya Kilindini, huitwa japo ni ghali: volti inapanda, laini inapata nafuu. Akiiwasha mapema mno, mafuta yaliyoungua huingia kwenye bili ya kila mteja. Akichelewa, mitaa hukatiwa stima. Kuna saa ambapo mtambo ghali wa jirani ndio nafuu, na kuitambua saa hiyo, usiku baada ya usiku, ndio ufundi wenyewe.

Mwaka 1908 mambo yalikuwa mepesi. Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya Power yasema mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar, ikaja kuwasha taa Mombasa. Mtambo na mteja walikaa mji mmoja.

Laini ya Nairobi na Mombasa ya kilomita 482, iliyoanza kazi 2017, ilijengwa kwa kilovolti 400, kwani volti ikipanda mkondo hupungua kwa nguvu ileile. Imempa mpangaji nafasi, si likizo. Mtambo wowote huweza kuzimika ghafla: Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Ndiyo maana baadhi ya mitambo huzungushwa bila kubebeshwa mzigo wake wote. Akiba hiyo ina gharama, nayo huingia kwenye hesabu ileile ya saa moja usiku.