Methali Kama Kipimo cha Akili: Uhakiki

Tangu Eugen Bleuler alipoupa ugonjwa wa skizofrenia jina lake mwaka 1908, wataalamu wa maradhi ya akili wameshughulishwa sana na lugha ya wagonjwa. Mojawapo ya njia zao ni kumtajia mgonjwa methali na kumtaka aieleze. Akishikilia maana ya juu juu, husemwa kwamba uwezo wake wa kufikiri mambo dhahania umepungua. Donald Gorham alilitungia jambo hilo jaribio rasmi mwaka 1956. Uhakiki huu unakusudia kuonyesha kwamba jaribio la namna hiyo, likihamishiwa katika Kiswahili bila ya uangalifu, huweza kupima mazingira na kumbukumbu badala ya ufahamu.

Na afikiriwe mchuma chai wa Kabianga, Kericho. Lugha yake ya nyumbani ni Kikipsigis. Kiswahili amekipata shuleni na mashambani, anakochuma pamoja na Wagusii, Wajaluo na Waluhya. Anaulizwa maana ya “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji”. Mnazi haumei katika baridi ya Kericho, ugema si kazi ya huko, na tembo kwake ni ndovu. Akijibu kwamba mtu amemmwagia mnyama maji, daktari ataona dalili ya ugonjwa. Mwanaisimu ataona mtu aliyefasiri kila neno kwa maana anayoijua. Ni kweli kwamba kiambishi -li- katika “hulitia” chaonyesha kuwa tembo huyo si mnyama, kwani mnyama angetaka -m-. Lakini Kiswahili cha bara mara nyingi hakiushiki upatanisho huo. Kadhalika “Dau la mnyonge haliendi joshi” humtaka msikilizaji ajue mambo ya tanga na upepo kabla ya kufikia unyonge.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Methali iliyokaririwa darasani huja pamoja na maana yake. Mgonjwa aliyefunzwa “Samaki mkunje angali mbichi” aweza kusema kwamba mtoto hufunzwa akiwa mdogo, bila ya kuunganisha samaki na mtoto wakati huo. Ellen Winner na Howard Gardner walionyesha mwaka 1977 kwamba kueleza na kufahamu ni mambo mawili: baadhi ya watu walioumia nusu ya kulia ya ubongo waliweza kueleza kwa maneno maana ya moyo mzito, lakini walipopewa picha wachague, walichagua ya mtu aliyelemewa na moyo mkubwa.

Hapa hapakanushwi kwamba ugonjwa wenyewe hugusa ufahamu wa sitiari. Alexander Rapp na wenzake, mwaka 2004, waliona kwa picha za ubongo kuwa sitiari huiamsha zaidi sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Na mwaka 2007 Tilo Kircher na wenzake walikuta tofauti kati ya wagonjwa wa skizofrenia na watu wazima wa afya. Lakini Rapp hakutumia methali. Alitumia sentensi fupi, mpya, za lugha ya wasikilizaji wenyewe.

Kulipuuza jambo hili kuna hatari ambayo Kenya imekwisha kuionja. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari tangu mwaka 1938, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Tofauti ya malezi na lugha iligeuzwa kuwa upungufu wa ubongo.

Kwa hiyo jaribio linalofaa Kabianga sharti litungwe huko: kwa Kikipsigis kwanza, kwa sitiari mpya zinazotokana na jani la chai, ng’ombe na ukungu, na lijaribiwe kwa majirani wazima kabla ya wagonjwa. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa daktari peke yake. Idara za lugha zina sehemu yake, nayo haijafanywa.