Kanda si mfumo: kununua DVD za nje na deki ya kuzichezesha

Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962, ina urefu wa dakika 157. Ukikuta DVD yake ya Ulaya ikimalizika kwenye dakika ya 151 hivi, usidhani imekatwa. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa Ulaya, PAL, unataka 25, basi mara nyingi filamu nzima huharakishwa kidogo ilingane. Dakika sita zimekwenda na hakuna onesho lililoondolewa, ila sauti zimepanda. John Wayne anatoka na sauti nyembamba kuliko yake, na ule muziki wa Henry Mancini wa ndama wa tembo unakimbia kuliko alivyoutunga. Sikio langu halivumilii. Kwa filamu yenye muziki naagiza toleo la Marekani, la mfumo wa NTSC, ambalo haliharakishwi hivyo, japo picha yake ina mistari 480 dhidi ya 576 ya PAL. Kwa filamu ya kimya kimya yenye mandhari mapana, nachukua PAL.

Wanunuzi wengi huchanganya mfumo na kanda. Kanda ni kufuli la biashara tu: wenye filamu waliigawa dunia mafungu sita ili diski ya soko moja isichezwe kwenye soko jingine. Marekani na Kanada ni 1, Ulaya 2, na sisi Afrika Mashariki tuko 5 pamoja na India na Urusi. Namba hiyo iko nyuma ya kasha, ndani ya alama ya tufe. Diski ya Japani ni kanda ya 2 sawa na ya Uingereza, lakini mfumo wake ni NTSC. Ya Afrika Kusini nayo ni kanda ya 2, kwa hiyo deki iliyofungwa kwenye 5 itaikataa, ujirani wetu usisaidie kitu.

Kabla ya kulipa, toa diski uigeuze kwenye mwanga. Iliyotoka kiwandani hung'aa rangi ya fedha, au dhahabu hafifu ikiwa na tabaka mbili. Ya zambarau imechomwa kwenye kompyuta. Karibu na tundu la katikati tafuta namba zilizochorwa na herufi ndogo mno, IFPI. Mara nyingi utahitaji kuinamisha diski ndipo zionekane. Tabaka zina maana kubwa: moja hubeba gigabaiti 4.7, mbili 8.5. Filamu ya saa mbili na nusu ikisongwa kwenye tabaka moja, vumbi linalotimka nyuma ya gari linavunjika kuwa miraba midogo.

Sasa deki. Muuzaji atakwambia "inacheza zote", na mara nyingi maana yake imewekwa kwenye kanda 0, yaani haina kufuli. Haitoshi. Tangu mwaka 2000 baadhi ya diski za Marekani huichunguza deki, na zikikuta inakubali kila kanda, zinagoma. Nilinunua diski moja ya aina hiyo. Badala ya filamu nikapata ramani ya dunia na onyo. Chukua deki unayoweza kuiwekea namba mwenyewe kwa rimoti: ukiiweka 1, diski hiyo itaanza. Soma pia kibandiko cha nyuma. Kiseme 100-240V. Kikisema 120V peke yake, umeme wetu utaiunguza siku ya kwanza.

Kompyuta isiwe tegemeo, kwa sababu kisomeo chake huruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha hujifunga. Na kwa Blu-ray uliza mara mbili, maana deki nyingi hufunguliwa upande wa DVD tu. Blu-ray ina kanda zake, A, B na C, na sisi tuko B.

Nenda dukani na diski zako mbili, ya Marekani na ya Uingereza. Simamisha picha kwenye gurudumu la gari. Likiwa yai badala ya duara, na kurekebisha umbo la picha kwenye menyu hakusaidii, iache. Kisha tazama kamera inapozunguka polepole kufuata mnyama mbugani, kwanza diski moja, halafu nyingine. Deki inayobadili mifumo vibaya hujionyesha hapo: twiga anakwenda kwa kushtukashtuka, na kingo za miguu yake zinachanika.